Ukimuuza Mpinzani Wako, Utacheza na Nani?

Katika jimbo la Texas, kusini mwa Marekani, zilizaliwa ligi mbili za mpira wa vyuo, na umri wao ulipishana miaka sita tu. Ya kwanza ilizaliwa mwaka 1914. Ilikuwa na fedha, ilikuwa na viwanja vikubwa vya saruji, na siku moja Rais wa Marekani mwenyewe alikwenda kuitazama. Ya pili ilizaliwa mwaka 1920. Hiyo ilikuwa ya vyuo vya watu weusi, ambao ile ya kwanza haikuwataka hata mlangoni. Fedha haikuwa nazo, wala kiwanja cha kujivunia, wala mtu mkubwa wa kuitetea.

Leo ile ligi tajiri imekufa. Ilizikwa mwaka 1996. Ile maskini ingali hai, imekwisha kupita miaka mia moja, na kila msimu wa mpira ukifika hupiga ngoma zake na kucheza.

Najua yuko msomaji atakayeniuliza: Je, mpira wa Wamarekani watuhusu nini sisi watu wa pwani? Hilo ni swali la haki, nami nitalijibu. Lakini kwanza nakuomba, ndugu yangu, unisikilize kisa chenyewe, kwa sababu ndani ya kisa hiki mna jambo ambalo sisi tunalijua kwa midomo na kulisahau kwa vitendo. Jambo hilo ni ujirani.

Mpira ninaousema si huu wetu wa miguu. Gozi lao lina ncha mbili, hushikwa kwa mikono, na watu kumi na mmoja huwasukuma wenzao kumi na mmoja kama makuli wanaogombea mzigo gatini, mradi walifikishe gozi upande wa pili. Mgeni akiutazama mara ya kwanza hudhani ni ugomvi uliotafutiwa refa. Lakini kwa Wamarekani mchezo huu ni kama damu mwilini. Na ajabu ni kwamba si timu za kulipwa peke yake zinazopendwa. Vyuo vikuu navyo vina timu, na viwanja vya baadhi ya vyuo hivyo huingia watu laki moja kwa mchezo mmoja.

Vyuo hivyo hujikusanya katika ligi, ambazo wao huziita konferensi. Hapo zamani sababu ya kujikusanya ilikuwa nyepesi. Timu zilisafiri kwa gari la moshi, kwa hiyo ulicheza na jirani yako. Tena kulikuwa na udanganyifu mwingi. Timu ilimleta mtu mwenye misuli, ikamwandika kuwa mwanafunzi siku ya Ijumaa, akacheza Jumamosi, na Jumatatu hakuonekana tena darasani. Majirani walihitaji kukaa chini wakubaliane nani ni mwanafunzi na nani si mwanafunzi.

Ndivyo ilivyokuwa mwezi wa Mei 1914, wakuu wa michezo wa vyuo kadhaa walipokutana mjini Dallas. Mwaka uliofuata ligi yao ikaanza kucheza. Iliitwa Southwest Conference, yaani ligi ya kusini-magharibi, nami nitaiita Southwest kwa ufupi. Waanzilishi walikuwa vyuo vinane: Texas, Texas A&M, Baylor, Rice na Southwestern kutoka jimbo la Texas, chuo cha Arkansas kutoka jimbo la jirani, na vyuo viwili kutoka Oklahoma. Baadaye Southwestern ikajitoa, na vyuo vya Oklahoma navyo vikaondoka, cha pili mwaka 1925. SMU ya Dallas ikaingia mwaka 1918, na TCU ya Fort Worth mwaka 1923. Texas Tech na Houston zilipokelewa miaka mingi baadaye.

UA MMOJA

Tazama basi jinsi watu hawa walivyokaribiana. Rice na Houston zimo katika mji mmoja, ni kama mtu wa Kibokoni na mtu wa Changamwe. Baina ya Dallas na Fort Worth ni mwendo wa chini ya saa moja kwa motokaa. Kutoka Austin, kilipo chuo cha Texas, mpaka College Station, kilipo chuo cha Texas A&M, ni kiasi cha kilomita 160, kama safari ya kutoka Mombasa hadi Voi. Baada ya 1925 Arkansas peke yake ndiyo iliyokuwa ikitoka nje ya jimbo.

Katika ukaribu wa namna hiyo mpinzani wako si mtu usiyemjua. Ni shemeji yako. Ni bosi wako kazini. Ni jirani anayekutazama Jumatatu asubuhi akicheka kimoyomoyo kwa sababu chuo chake kilikifunga chako Jumamosi. Utani huo ndio uliokuwa chumvi ya mchezo. Sisi tuliolelewa na habari za ngoma za beni, mtaa kwa mtaa, kila mtaa na bendi yake na sare zake na majivuno yake, hatuna haja ya kuelezwa utamu huo. Beni haikupigwa ili mtaa wa pili ufe. Ilipigwa ili mtaa wa pili usikie! Mtaa wa pili ukihama, utampigia nani?

Na ligi hiyo ya majirani ikastawi. SMU walihesabiwa miongoni mwa mabingwa wa Marekani nzima mwaka 1935, TCU mwaka 1938, na Texas A&M mwaka 1939. Vyuo vitatu vya ua mmoja katika miaka mitano! Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya arobaini, na kwa zaidi ya miaka 50, bingwa wa Southwest ndiye aliyekuwa mwenyeji wa mchezo mkubwa wa mwaka mpya mjini Dallas, uitwao Cotton Bowl. Na tarehe 6 Desemba 1969, Texas walipokwenda kucheza na Arkansas mjini Fayetteville, Rais Richard Nixon alikuwa jukwaani. Texas walishinda kwa pointi 15 kwa 14. Mpaka leo wako wazee wa Arkansas ambao ukiwatajia siku hiyo hubadilika nyuso.

MLANGO ULIOFUNGWA

Lakini mwandishi akisimulia ujirani huo akakoma hapo, atakuwa ameficha nusu ya ukweli, na ushahidi wa nusu ni uongo.

Chuo cha Texas A&M kilifungua milango yake mwaka 1876. Mwaka huohuo bunge la jimbo la Texas lilianzisha chuo kingine, cha watu weusi, ambacho leo kinaitwa Prairie View A&M. Vyuo viwili, mwaka mmoja, bunge moja. Vilikuwa chini ya baraza moja la wakuu, na kutoka kimoja hadi kingine ni kiasi cha kilomita 80 tu. Yaani walikuwa ndugu wa tumbo moja. Mmoja akakaribishwa mezani katika ligi ya Southwest. Mwingine hakukaribishwa, wala mwaka 1914, wala mwaka wowote uliofuata mpaka ligi hiyo ilipokufa.

Sisi Waislamu tumefundishwa, na hakuna mtoto wa chuoni asiyeijua habari hii, kwamba Mtume (S.A.W.) aliusiwa na Jibrili juu ya jirani, tena na tena, mpaka akadhani kuwa jirani atafanywa kuwa mrithi. Katika wasia huo jirani hakutajwa rangi. Haikusemwa jirani mweupe, wala jirani tajiri, wala jirani anayefanana nawe. Mabwana wa Southwest walikuwa na ujirani, naam, lakini ulikuwa ujirani wenye kitasa, na funguo wanazo wao.

Waliofungiwa nje hawakukaa kulia. Mwaka 1920, mjini Houston, vyuo sita vya watu weusi vya Texas viliunda ligi yao, Southwestern Athletic Conference, ambayo watu huiita SWAC. Prairie View ilikuwa mmojawapo wa waanzilishi hao. Baadaye ligi hiyo ikapanuka kuingia Louisiana, Mississippi na majimbo mengine. Chuo cha Grambling cha Louisiana, kilichoingia mwaka 1958, kilikuwa na kocha aitwaye Eddie Robinson, ambaye alianza kazi hapo mwaka 1941 na kustaafu mwaka 1997, akiwa na ushindi 408. Walter Payton alitoka katika ligi hiyo, katika chuo cha Jackson State. Jerry Rice alitoka Mississippi Valley State. Doug Williams, mtu mweusi wa kwanza kuiongoza timu katika nafasi ya kurusha gozi na kushinda fainali kuu ya Marekani, mwezi wa Januari 1988, alikuwa mwanafunzi wa Grambling. Hawa ni watu ambao mpenzi yeyote wa mchezo huo huwataja kwa heshima. Ligi iliyofungiwa mlango ndiyo iliyowalea.

Katika Southwest kwenyewe mtu mweusi hakucheza mpaka mwaka 1966. Wa kwanza kuingia uwanjani alikuwa John Westbrook wa Baylor. Juma moja baadaye akafuata Jerry LeVias wa SMU, ambaye ndiye mweusi wa kwanza kupewa udhamini wa masomo kwa ajili ya mpira katika ligi hiyo. LeVias aliandikiwa vitisho vya kuuawa. Mwaka 1968 mchezaji wa timu pinzani alimtemea mate usoni. Muda mfupi baadaye LeVias aliudaka mpira, akawakimbiza watu wote uwanjani mpaka mwisho, na timu yake ikashinda. Hilo ndilo jibu alilotoa. Subira ya namna hiyo haifundishwi na kocha.

Lakini angalia hesabu yenyewe ilivyokuwa. Mlango ulifunguliwa kwa wachezaji weusi, haukufunguliwa kwa vyuo vyao. Walio hodari walichukuliwa mmoja mmoja na vyuo vikubwa, na vile vidogo vilivyowalea vijana weusi kwa miaka hamsini vikaachwa viokote vilivyobaki. Huko nako si kukaribishana. Ni kuingia shambani kwa jirani na kuchuma embe zilizoiva.

KILICHOIUA

Je, Southwest ilikufaje? Watu wengi husema televisheni ndiyo iliyoiua. Mimi nasema televisheni ilichimba kaburi tu. Maiti ilikuwa tayari.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa hongo. Katika miaka ya sabini na themanini matajiri wa mafuta na majumba, waliosoma katika vyuo hivyo, walianza kununua wachezaji. Kijana wa miaka 18 alipewa bahasha, akapewa motokaa, na wazazi wake wakapewa ahadi. Kila chuo kilimshuku mwenzake, na kila kilichomshuku mwenzake kilijiona kina haki ya kufanya vilevile. Halafu wakashitakiana. Jirani akampeleleza jirani, akampeleka kwa chama kikuu cha michezo ya vyuo, NCAA. Kabla ya miaka ya themanini kwisha, vyuo vingi katika vile tisa vilikuwa vimekwisha kuadhibiwa.

Adhabu kubwa kuliko zote iliifika SMU. Tarehe 25 Februari 1987, chama kile kiliifutia timu hiyo msimu mzima. Wamarekani wenyewe waliiita adhabu ya kifo. Ilikuwa imeonekana kwamba wachezaji 13 walilipwa kiasi cha dola 61,000 kutoka mfuko wa siri, tena baada ya chuo hicho kuadhibiwa na kuahidi kutubu. Siku chache baadaye gavana wa Texas, Bill Clements, ambaye alikuwa amewahi kuwa mwenyekiti wa wakuu wa chuo hicho, alikiri kwamba yeye na wenzake walijua, nao waliamua malipo yaendelee. Gavana wa jimbo zima! Samaki, walisema wahenga, huanza kuoza kichwani.

Ugonjwa wa pili uliletwa na hukumu. Tangu miaka ya hamsini NCAA ndiyo iliyoamua timu gani ionyeshwe kwenye televisheni na mara ngapi, ili vyuo vikubwa visimeze kila kitu. Vyuo vikubwa vikachukia. Chuo cha Oklahoma na kile cha Georgia vikaenda mahakamani, na mwezi wa Juni 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, majaji saba kwa wawili, kwamba utaratibu ule unavunja sheria ya biashara huru. Mmoja wa majaji wawili waliopinga alikuwa Byron White, ambaye katika ujana wake alikuwa nyota wa mpira wa vyuo. Yeye alikuwa ameucheza mchezo wenyewe, na aliona kwamba chuo si duka.

Baada ya hukumu hiyo kila mtu akawa huru kuuza mchezo wake. Na hapo ndipo vyuo vikubwa vilipoanza kupiga hesabu: Mimi naleta watazamaji wangapi? Na huyu jirani yangu mdogo analeta wangapi? Kwa nini tugawane sawa?

Hesabu hiyo, ndugu msomaji, ina kosa moja kubwa, nalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Mchezo hauna mwenye peke yake. Texas akicheza na Arkansas, si Texas anayependeza wala si Arkansas. Kinachopendeza ni kile kilicho baina yao: miaka yote ile, matusi yote yale, pointi 15 kwa 14, na wazee wanaobadilika nyuso. Hiyo ni mali ya shirika. Huwezi kuchukua nusu yako ukaenda nayo. Ukiondoka, nusu yako inakufa mkononi mwako, na nusu ya mwenzako inakufa mkononi mwake. Basi mpinzani wako ni nusu ya mali yako, na anayemwacha ili atajirike amejipunja mwenyewe.

Arkansas ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1990 ilitangaza kwamba inahamia ligi tajiri ya kusini-mashariki, ile SEC. Southwest ikabaki na vyuo vinane, vyote vya jimbo moja. Mwanzoni mwa mwaka 1994 wanne wakaamua kwenda kuungana na vyuo vinane vya majimbo ya kati na kuunda ligi mpya, Big 12. Wanne hao ni Texas, Texas A&M, Baylor na Texas Tech. Walioachwa ni Rice, TCU, SMU na Houston. Tarehe 2 Desemba 1995, Texas waliwafunga Texas A&M pointi 16 kwa 6 na kuchukua ubingwa wa mwisho. Siku hiyohiyo, Houston waliwafunga Rice 18 kwa 17, wenyeji wa mji mmoja, na huo ukawa mchezo wa mwisho kabisa wa ligi iliyodumu miaka themanini na kitu.

WALIOTAWANYIKA

Atasema mtu: Biashara ni biashara, na waliohama wamepata fedha nyingi zaidi. Kweli wamezipata. Mimi sikatai, wala sisemi fedha ni haramu. Lakini tazama wamepata nini pamoja na fedha hizo.

Texas na Texas A&M walianza kuchezeana mwaka 1894. Mwaka 2011 Texas, kwa ushirika na kampuni ya televisheni, wakafungua kituo chao peke yao kwa mkataba wa dola milioni 300. Texas A&M wakaona hapana usawa tena. Mwaka 2012 wakahamia SEC. Basi ndugu hao wawili, walio mwendo wa saa mbili, hawakuonana uwanjani kwa miaka kumi na mitatu. Vijana walizaliwa, wakabaleghe, hawajauona mchezo ambao babu zao hawakuukosa. Mwisho Texas nao wakaingia SEC mwaka 2024, na mwezi wa Novemba mwaka huo wakakutana tena. Nilifurahi kusikia. Lakini niliwaza jinsi ndugu hao walivyoivunja nyumba waliyoijenga babu zao, kisha wakakutana wakiwa wapangaji katika nyumba ya watu.

SMU, ile iliyouawa kwa dola 61,000, mwaka 2024 ilikubali kukaa miaka tisa bila ya mgao wa televisheni ili mradi iingie katika ligi ya Pwani ya Atlantiki. Kutoka Dallas hata uvumi wa bahari hausikiki! Na tangu Julai 2025 vyuo vimeruhusiwa kuwalipa wachezaji waziwazi, mamilioni ya dola kila mwaka. Kosa la jana limekuwa kanuni ya leo, na waliohukumiwa jana hakuna aliyewaomba radhi.

Na maradhi haya hayakuishia Texas. Upande wa bahari ya Pasifiki ilikuwapo ligi ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1915, nayo mwaka 2024 iliondokewa na vyuo kumi kati ya kumi na viwili. Viwili kati ya hivyo, vya California, vilikwenda kujiunga na ligi hiyohiyo ya Atlantiki. Nilipowasimulia wenzangu barazani, mzee mmoja, nahodha wa zamani, aliweka kikombe chake cha kahawa chini akauliza: “Ramani wanayo hao?”

Viwili vilivyoachwa na kulazimika kutafuta majirani wapya ni Oregon State na Washington State. Wakenya tunalijua jina la Washington State, au ingetupasa kulijua. Hapo ndipo aliposoma marehemu Henry Rono wetu, na ilikuwa mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa chuo hicho, alipovunja rekodi nne za dunia katika siku 81. Hata Southwest yenyewe haikukosa kutugusa. Hakeem Olajuwon, kijana Mwislamu kutoka Lagos, aliyekuja kujulikana dunia nzima kwa kufunga Ramadhani huku akicheza mpira wa kikapu wa kulipwa, alianza kuonekana akiwa mwanafunzi wa Houston, chini ya bendera ya ligi hiyo. Basi vyuo hivyo vilivyotupwa ndivyo vilivyowapokea watoto wa Afrika. Nani atawakumbuka, mezani penye kugawanywa fedha?

MARA THEMANINI

Sasa nirudi kwa yule ndugu aliyefungiwa mlango, Prairie View.

Kuanzia mwaka 1989 timu ya Prairie View ilianza kufungwa. Ikafungwa na kufungwa. Mwaka 1990 fedha zikaisha, wasicheze kabisa. Mwaka uliofuata wakarudi, wakaendelea kufungwa. Walifungwa michezo 80 mfululizo, na hapana timu ya chuo iliyowahi kupoteza namna hiyo katika historia ya Marekani. Watu wakawafanya kichekesho kwenye magazeti na televisheni. Lakini kila Jumamosi bendi yao ilipiga, na watu wao wakaja. Na jambo ninalolipenda zaidi: majirani zao wa SWAC hawakuwafukuza. Hapana aliyesimama akasema huyu anatushushia bei. Waliwafunga bila ya huruma, kama mchezo unavyotaka, na mwaka uliofuata wakawaandika tena katika ratiba.

Tarehe 26 Septemba 1998 Prairie View walishinda, 14 kwa 12. Na mwaka 2009 wakawa mabingwa wa SWAC. Wale waliokuwa kichekesho! Kama wangekuwa katika ligi ya wapiga hesabu, wangekwisha kutupwa zamani, na leo kisa hiki kisingekuwapo cha kusimulia.

Sisemi kwamba SWAC ni pepo. Ina shida za fedha kila siku, waanzilishi wake wote isipokuwa Prairie View wamekwisha kuondoka, na yenyewe mwaka 2021 ilipokea vyuo viwili vya Florida vilivyotoka ligi nyingine. Lakini tangu mwaka 1974 Grambling na Southern hukutana kila mwaka, aghalabu mjini New Orleans, na watu hujaa. Wakati wa mapumziko hapana anayetoka kwenda kununua soda, kwa sababu bendi mbili zinashindana, na wengi wao walikuja kwa ajili ya bendi. Nikiwatazama nawaona wazee wetu wa beni. Wanacheza ili jirani asikie.

Basi lile swali, kwamba hayo yatuhusu nini, sasa naweza kulijibu. Sisi nasi tuna mashindano ya majirani. Tuna mbio za majahazi na punda wakati wa Maulidi ya Lamu. Tuna ligi za mitaa, timu zinazocheza mchana wa jua kwenye viwanja visivyo na majani. Mfadhili atakuja, na huja. Atakuwa na fulana, na kikombe, na kamera. Atauliza ni timu zipi mbili zenye watu wengi, ili azichukue hizo na kuziacha nyingine. Wala si lazima tumfukuze. Lakini kabla hatujatia saini, tumuulize swali ambalo mabwana wa Texas hawakujiuliza: Na yule wa mwisho katika orodha, yule anayefungwa kila Jumamosi, yumo katika mkataba huu?

Kama hayumo, basi hicho kinachonunuliwa si mchezo wetu. Ni ujirani wetu, na huo hatukuachiwa kwa kuuzwa.

Wallahu aalam.